Onyo Lililozidi: Yale Ambayo Vifungashio Husema Bure na Yale Ambayo Huyanyamazia

(Mhadhara uliotolewa Kwala, mkoani Pwani, mbele ya wafanyabiashara, walimu, wafanyakazi wa bandari kavu na reli, na wanafunzi)

  

Mhadhara huu una shabaha moja. Unataka kuonesha kwamba maelekezo ya bure na maonyo ya kupita kiasi yaliyochapwa kwenye bidhaa za kila siku yana madhara, kwa sababu yanalifunika onyo la kweli. Unataka pia kuonesha kwamba hapa kwetu kuna tatizo la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: bidhaa ambazo zingepaswa kusema neno moja tu, lakini zinamfikia mnunuzi zikiwa kimya kabisa.

Mahali pa kulizungumza jambo hili ni hapa hapa Kwala. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa, ili makontena yasirundikane katika Bandari ya Dar es Salaam na foleni ya malori ipungue mjini. Nchi jirani zinazotegemea bandari hiyo, zikiwamo Burundi, Rwanda, Zambia, Malawi na Kongo, zimetengewa maeneo yao ya mizigo. Jirani na hapo kongani ya viwanda inajengwa. Kwa hiyo bidhaa zitapita hapa zikienda bara, na nyingine zitatengenezwa hapa hapa. Karibu kila moja itakuwa imeandikwa kitu.

Mwenye nafasi alitazame kontena moja kwa makini. Kwenye kontena refu kuliko la kawaida, juu kabisa karibu na pembe, kuna ukanda wa mistari ya njano na nyeusi, pamoja na alama yenye tarakimu za urefu wake: futi 9 na inchi 6, yaani karibu mita 2.9. Hakuna sentensi wala maombi. Dereva wa lori akiuona anajua kama atapita chini ya daraja lililo mbele yake, na mpanga mabehewa anajua nafasi iliyobaki chini ya nyaya za reli ya umeme, ambazo hubeba volti 25,000. Kontena likiwa na kemikali za hatari au mafuta yanayowaka, hubandikwa kibao chenye umbo la almasi, upana wa milimita 250 kwa 250, ubavuni kote kuwili na mbele na nyuma. Kibao chekundu chenye mwali wa moto maana yake ni kimiminika au gesi inayowaka. Mzimamoto wa Kwala, wa Kigoma na wa Lubumbashi wote wanakielewa, hata kama hawana lugha moja.

Sasa kontena lifunguliwe. Ndani mna maboksi ya viatu, na ndani ya kila boksi mna kifuko kidogo cha karatasi chenye chembechembe za kunyonya unyevu. Kifuko hicho kimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina, mara nyingine na Kijapani, kwa herufi kubwa, kwamba kisiliwe. Chini kidogo mna mfuko wa plastiki wenye matundu na maandishi ya lugha nane au kumi. Kwenye taa za mapambo zilizo katika boksi jingine kumeandikwa kwamba zitumike ndani au nje ya nyumba tu. Mtu anajiuliza: kama si ndani na si nje, ni wapi kwingine? Kutoka kwenye ukanda ule wa njano hadi kwenye taa hizi, kuna jambo limeharibika njiani, na hilo ndilo la kuchunguza.

Hoja ya kwanza: maneno ya bure huandikwa kwa ajili ya hakimu.

Huko Marekani, mwaka 1997, shirika moja la Michigan liitwalo Michigan Lawsuit Abuse Watch lilianza kuendesha shindano la kutafuta lebo za onyo zenye vituko kuliko zote. Zilizopatikana zimejulikana dunia nzima. Kigari cha kusukumia mtoto: mtoe mtoto kabla ya kukikunja. Brashi ya kusugulia choo: isitumike kwa usafi wa mwili. Pasi: usiinyooshe nguo ikiwa imevaliwa. Watu walicheka, na wana haki. Ila wasikilizaji wakumbuke kwamba waandaaji walikuwa na msimamo wao katika mjadala wa kisheria: walitaka kuonesha kuwa kesi za madai zimekithiri na kwamba kampuni zinaandika upuuzi kwa kuogopa kushtakiwa.

Mfano unaotajwa kila mara katika mjadala huo ni kesi ya kahawa. Wengi hapa wameusikia: bibi mmoja alijimwagia kahawa, akaishtaki McDonald's, akawa tajiri. Kisa chenyewe hakikuwa hivyo. Stella Liebeck wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, alikuwa na umri wa miaka 79 mwezi Februari 1992. Alikuwa abiria katika gari lililosimama. Kahawa aliyouziwa ilikuwa na joto la kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi. Ilimuunguza mapajani na kinenani hadi ngozi ya hapo ikaharibika kabisa, akalazwa siku nane na kupandikizwa ngozi. Aliomba dola 20,000 za kufidia gharama. Kampuni ikamwambia itampa 800. Mahakamani ikadhihirika kwamba katika muda wa miaka kumi kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua kwa kahawa yake. Mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama lilipitisha adhabu ya dola milioni 2.7, na hakimu akaipunguza hadi 480,000, nje ya fidia ya 160,000. Baadaye pande mbili zikapatana faraghani.

Jambo ambalo husahaulika ni hili: kikombe kile tayari kilikuwa na onyo. Wazee wa mahakama waliona halikutosha wala halikuonekana vizuri. Tatizo lilikuwa joto la kahawa, na hakuna herufi ya ukubwa wowote inayoweza kuipoza. Lakini makampuni mengi duniani yalijifunza somo tofauti na lile la kesi: yaliongeza maneno. Kuongeza maneno hugharimu wino kidogo. Kubadili bidhaa hugharimu mtambo, mafunzo na muda.

Hapo ndipo panapopatikana kipimo cha kutambua onyo la bure. Linaandikwa ili siku moja wakili aweze kusema kuwa mteja aliambiwa. Msomaji wake wa kweli yuko mahakamani, na aliyeishika bidhaa mkononi ni kisingizio tu. Bidhaa hiyo ikisafirishwa kuja Afrika Mashariki, lebo inakuja nayo nzima nzima, imeandikwa kwa hofu ya mahakama za nchi nyingine.

Hoja ya pili: kanuni nyingine ni njema, ila hazina macho.

Hoja hii ni fupi. Pakiti ya karanga yenye maandishi "ina karanga" inaonekana kama kichekesho, lakini chanzo chake ni cha maana. Karanga ni miongoni mwa vyakula ambavyo watu wengine miili yao huvikataa kwa ukali hata kufa. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha lebo za vyakula cha Codex, kilichotolewa mwaka 1985 na kurekebishwa mara kadhaa, kinataka vyakula vya aina hiyo vitajwe daima. Kanuni imetungwa kwa ajili ya biskuti ambayo karanga imefichika ndani yake. Kiwanda kinaipitisha kwenye mashine moja kwa bidhaa zote, hata ile ambayo jina lake ni karanga.

Kiwango hicho hicho kinasema kwamba maelekezo ya matumizi yaandikwe pale yanapohitajika ili chakula kitumiwe sawasawa. Pale yanapohitajika. Waandishi wengi wa lebo husoma nusu ya kwanza ya maneno hayo na kuiruka nusu ya pili.

Hoja ya tatu: si kila onyo linaloonekana la kijinga ni la kijinga.

Hapa lazima haki itendeke. Ule mfuko wa plastiki wenye matundu na lugha kumi, unaosema kwamba si mchezo wa mtoto, una historia ya msiba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mifuko myepesi ya plastiki ya kufunikia nguo za dobi ilienea Marekani. Wazazi waliitumia tena nyumbani, wengine wakaitandika kwenye magodoro ya watoto kuzuia mkojo. Katika mwaka 1959 makumi ya watoto wachanga walikosa hewa wakafa. Onyo na matundu yale yalitokana na vifo hivyo. Mama wa Vigwaza au Mlandizi anayepata mfuko huo kwenye boksi la redio na kumpa mtoto achezee yumo katika hatari ile ile, na onyo lenyewe limeandikwa kwa lugha kumi ambazo Kiswahili hakimo.

Kile kifuko cha kwenye boksi la viatu kina habari tofauti. Chembechembe za kawaida zilizomo hazina sumu ya kutisha. Mtoto akizimeza, wasiwasi mkubwa ni kupaliwa. Zile zilizotiwa rangi ya buluu ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu baadhi hutiwa kemikali ya kobalti ili zibadilike rangi zikishalowa. Lebo haitofautishi: zote hupiga ukelele mmoja. Kifuko kisicho na madhara makubwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko chupa nyingi za dawa ya kuua wadudu. Macho ya mtu yakishazoea kelele hiyo kwenye viatu, yatakapofika kwenye chupa ya dawa yatapita vile vile.

Hoja ya nne: usikivu wa msomaji una kikomo.

Wataalamu wa kemikali walikwishalitambua hilo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuweka alama kwenye kemikali, ambao toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 2003, una maneno mawili tu ya kumshtua msomaji: moja la hatari kubwa, jingine la hatari ndogo. Likitumika la kwanza, la pili linaondolewa. Picha ya fuvu ikishawekwa kwa ajili ya sumu kali, alama ya mshangao kwa hatari hiyo haiwekwi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 inayofuata mfumo huo imekwenda mbali zaidi: maelezo ya tahadhari kwenye lebo yasizidi sita, isipokuwa hatari yenyewe ikilazimisha. Watunga sheria wale walikaa na kukubaliana kwamba onyo la saba linaweza kulidhuru la kwanza.

Lakini kupunguza peke yake hakutoshi kama anayeandikiwa hakufikiriwa. Mmoja wa misiba mikubwa katika historia ya lebo ulitokea Iraki. Mwishoni mwa mwaka 1971, baada ya ukame, serikali iliingiza ngano na shayiri ya mbegu kutoka ng'ambo, sehemu kubwa ikitoka Meksiko. Mbegu ilikuwa imetiwa dawa yenye zebaki ili isishambuliwe na kuvu, ikapakwa rangi nyekundu ili ijulikane kuwa si chakula. Magunia yalikuwa na onyo kwa Kihispania na Kiingereza, na mengine yalichorwa fuvu. Mkulima wa Iraki husoma Kiarabu au Kikurdi. Mbegu ilipofika, wengine walikuwa wamekwisha kupanda, na nyumbani hapakuwa na unga.

Watu hawa hawakuwa wazembe. Wengine waliosha nafaka, rangi ikatoka, wakaamini sumu imetoka nayo. Wengine walijaribu kwanza kwa kuku na mifugo, wakangoja siku kadhaa, wakaona wanyama wazima. Zebaki ya aina ile huchukua wiki kadhaa kuonesha madhara. Mkate ukaokwa. Kwa hesabu rasmi waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na waliofia humo 459.

Gunia lile halikukosa tahadhari. Onyo lilikuwepo na picha ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja, mahali fulani kati ya bandari ya Basra na kijiji, aliyepewa kazi ya kuuliza: huyu atakayelifungua gunia atasoma nini? Swali hilo linaihusu Kwala moja kwa moja, kwa sababu makontena yanayokuja huku yanabeba viuatilifu, mbegu zilizotiwa dawa, betri na kemikali za viwandani, na mengi yatafunguliwa mbali sana na hapa.

Hoja ya tano: kwetu lebo hubaki dukani.

Ndugu wenye maduka, hoja hii ni yenu, na ndiyo nzito kuliko zote za leo.

Sehemu kubwa ya wasemao habari za lebo huwazia mnunuzi anayebeba boksi zima hadi nyumbani. Mnunuzi wa kwetu hununua kwa kupima. Sukari ya robo hutoka kwenye kiroba, mafuta ya kula ya mia tano hutoka kwenye ndoo, unga wa sabuni hufungwa kwenye vifuko vya nailoni na kutundikwa msumarini. Onyo, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la kiwanda, yote yamebaki kwenye kiroba kilicho nyuma ya kaunta. Kwa sukari hakuna neno. Kwa vitu vingine lipo.

Sigara ni mfano ulio wazi. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 iliagiza pakiti ziwe na onyo la afya. Kenya ilikwenda hadi kwenye picha za magonjwa, zikaanza kuonekana kwenye pakiti mwaka 2016. Lakini kijana anayenunua sigara moja moja kibandani hapewi pakiti. Anapewa sigara na kibiriti cha kuazima. Kanada ililiona pengo kama hilo, ikatunga kanuni zilizoanza tarehe 1 Agosti 2023 za kuchapa onyo kwenye kila sigara, karibu na kichungi. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Hatua hiyo ingefaa kwetu zaidi hata kuliko kwao, kwa sababu kuuza moja moja ndiko kunakowapatia watoto sigara.

Mfano wa pili kila mmoja anaujua kwa macho yake. Sabuni ya maji hutengenezwa mtaani, ikatiwa rangi ya kijani au ya buluu, ikamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, na kuuzwa. Ni kazi halali, inasomesha watoto, na wengi waliomo humu wanaifanya. Sasa chupa hiyo iangaliwe kwa karibu. Karatasi ya kiwanda cha maji mara nyingi bado imebandikwa. Inaonesha mlima uliofunikwa theluji au maji yakitiririka, na imeandikwa kuwa ni maji safi ya kunywa. Hapo bidhaa haikosi lebo: ina lebo ya uongo. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, lakini anaijua chupa hiyo kwa umbo na kwa picha, na amekwisha kuinywea mara nyingi.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda ni ndugu yake wa karibu. Popote duniani yanapotumika majumbani, mafuta ya taa ni miongoni mwa sumu za kawaida zinazowapeleka watoto wadogo hospitalini. Madhara makubwa hutokea mapafuni, mafuta yanapopita njia ya hewa. Ndiyo maana mzazi anayemtapisha mtoto aliyekunywa mafuta ya taa anaweza kumwongezea hatari: yakirudi juu yanapata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mtoto huyo asitapishwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Ni maneno machache sana, na yangestahili nafasi kwenye kila pampu na kila kibanda kinachouza mafuta kwa kupima kuliko matangazo yote yaliyobandikwa hapo.

Dawa za kuua wadudu shambani nazo hupimwa vivyo hivyo. Mkulima mwenye bustani ya nyanya kando ya Ruvu haihitaji lita nzima. Muuzaji anammiminia kidogo kwenye chupa aliyokuja nayo. Kwenye chupa ya kiwandani kuna utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, kisha buluu, na kijani kwa iliyo dhaifu. Kuna kiasi cha kuchanganya na maji. Kuna siku ambazo lazima zipite kabla ya kuvuna. Yote hayo hayamo katika chupa ndogo. Mkulima anachanganya kwa kifuniko na kwa kumbukumbu ya alichoambiwa, na nyanya zinapelekwa sokoni.

Basi kuna jambo la kutafakari. Kiatu kinakuja na kifuko kinachopiga kelele kwa lugha tatu, na sumu ya nyanya inakuja nyumbani bila neno.

Hoja ya sita: yapo maelekezo yanayookoa, na yanafanana kwa jambo moja.

Tanzania ilipoanza kutumia Dawa Mseto kutibu malaria, mwishoni mwa mwaka 2006, ilibidi kila mzazi ajue jambo gumu kidogo. Dozi ni sita ndani ya siku tatu. Ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Idadi ya vidonge hutegemea uzito: kimoja kwa mtoto wa kilo 5 hadi 14, viwili hadi kilo 24, vitatu hadi kilo 34, vinne kuanzia kilo 35. Watengenezaji hawakuandika aya. Walivipanga vidonge kwenye karatasi yake kwa mafungu, kila fungu dozi moja, wakachora jua la asubuhi na mwezi wa usiku. Mzazi asiyejua kusoma anatazama fungu lililobaki na kujua kama dozi imerukwa. Pakiti yenyewe ndiyo maelekezo.

Pakiti ya ORS, chumvi zile za kurudisha maji mwilini mtoto anapoharisha, nayo ina jambo moja la kusema, na ni la kufa na kupona: pakiti moja ya gramu 20.5 ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi. Maji yakipungua, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Yakizidi, dawa inakuwa hafifu. Nyumba nyingi hazina kipimo cha lita, lakini karibu zote zina chupa za maji za nusu lita. Kuchora chupa mbili za nusu lita kando ya pakiti kungemaliza kazi hiyo vizuri kuliko sentensi yoyote.

Sasa kuna gesi. Tarehe 8 Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Maelfu ya nyumba, pamoja na za hapa, zinapata mtungi wa kwanza maishani. Kwa mwenye mtungi wa kwanza maelekezo hayawezi kuitwa ya bure. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatuama chini, sakafuni, mahali ambapo watu huweka jiko la mkaa la pembeni. Haina harufu yake yenyewe. Harufu ile kali hutiwa makusudi ili ijulikane. Ukiisikia, usiwashe kibiriti wala taa ya umeme. Funga mtungi, fungua milango. Ukitaka kujua panapovuja, paka povu la sabuni kwenye mpira na regulata, utazame panapotoa mapovu. Hayo manne yanatosha. Tatizo ni kwamba mtungi huzunguka: mtu hurudisha mtupu na kuchukua uliojaa, na karatasi iliyobandikwa huchubuka baada ya mizunguko michache. Yaliyo muhimu yachapwe kwa rangi kwenye chuma chenyewe, kwa Kiswahili.

Dawa Mseto, ORS na mtungi vinakutana hapo: mwandishi alimfikiria, au anatakiwa kumfikiria, mtu mmoja halisi mwenye bidhaa mkononi, katika dakika ile anayohitaji kujua.

Kuelekea mbele

Ndugu Mwenyekiti, kongani ya hapa itachapa lebo zake yenyewe. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vyakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo mwenye kiwanda kidogo cha sabuni na mwenye kiwanda kikubwa cha biskuti wanakwenda mlango mmoja. Maafisa wa shirika hilo wanapokagua kama maneno yanayotakiwa yapo, wangeweza kuongeza swali jepesi: je, mtu wa kawaida ameisoma lebo hii na kueleza alichoelewa? Jaribio hilo halihitaji maabara. Watu watano wa sokoni Mlandizi wanatosha kumwonesha mtengenezaji kwamba tarehe kama 03/04/2027 inasomwa kwa namna mbili, na kwamba mwezi ukiandikwa kwa jina lake hakuna atakayekosea.

Soko la lebo hizo halitaishia Tanzania. Mizigo inayoondoka hapa itafika Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, ambako Kiswahili kinasikika madukani kila siku. Lebo moja nzuri ya Kiswahili itavuka mipaka mingi bila kutafsiriwa, na hiyo ni faida ya biashara ambayo kiwanda cha ng'ambo hakiwezi kuipata kwa urahisi.

Kwa watengenezaji wa sabuni ya maji waliomo ukumbini, kazi inaweza kuanza kesho asubuhi: kila chupa ibanduliwe karatasi ya maji kabla ya kujazwa, na iandikwe SABUNI kwa kalamu ya wino usiofutika, pande mbili. Wauzaji wa dawa za kilimo waweke chupa ndogo kwenye oda zao kwa mawakala, wawaambie wazi kwamba mkulima wa bustani ananunua kidogo na kwamba anahitaji chupa ndogo yenye lebo kamili. Mawakala wakisikia ombi hilo kutoka maduka mengi kwa wakati mmoja, watalipeleka viwandani.

Walimu nao waliombwa, kabla ya mkutano huu, wawape wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja alete kifungashio kimoja kutoka kwao, amesoma kila neno lililomo, na ameweka alama kwenye sentensi moja ambayo angeibakiza kama zote zingefutwa. Meza iliyoko hapo pembeni imejaa vifungashio hivyo. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, wasikilizaji wasogee wavitazame, na maswali yaanze na vijana walioviandaa.